Hesabu Iwe Mikononi mwa Wengi



Liko swali tunaloulizwa kila tunapozuru sharika na vijiji. Huulizwa na wazee waliopigwa virungu siku za Saba Saba, na huulizwa na vijana ambao siku hizo hawakuwa wamezaliwa. Husema: Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kiliondolewa Desemba 1991, na vyama vikawa vingi. Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Tuna kaunti 47, tuna Seneti na Bunge la Taifa, tuna tume za kila namna. Mbona basi zahanati imepakwa rangi lakini haina dawa? Mbona barabara imelipiwa na haionekani? Mbona kila baada ya uchaguzi tunabaki kubishana ni nani aliyeshinda?

Sisi hatulioni swali hili kuwa la watu waliokata tamaa. Ni swali la watu wanaodai walichoahidiwa. Jibu letu, ambalo tungependa lijadiliwe katika kila jumuiya na kila kikundi cha wapenda mageuzi, ni hili: mageuzi yaligawa vyeo na yakagawa madaraka, lakini hayakugawa hesabu. Hesabu ya kura, hesabu ya fedha, hesabu ya mifuko ya saruji, mara nyingi imefungiwa katika droo ya mtu mmoja. Na maadamu hesabu iko kwa mmoja, wengine wote wamebakiwa na haki ya kulalamika tu. Kazi iliyo mbele yetu ni kuitoa hesabu katika droo hiyo na kuiweka mikononi mwa wengi. Kazi hiyo haitafanywa na sheria peke yake. Itafanywa na taratibu mpya ambazo wananchi wa kawaida huzibuni wenyewe, huzijaribu, na kuzizoea hata zikawa desturi.

Ubunifu ni nini?

Wasomi huuita ubunifu wa kijamii. Jina hilo lisimtishe mtu, wala asidhani kwamba ni lazima pawe na mitambo na wataalamu. Tutazame Wajir ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukame ulikuwa umeua mifugo, koo zilikuwa zikiuana, na hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Kikundi kidogo cha akina mama, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, kiliamua kuanzia hapo hapo sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, ataruhusiwa kuuza na kununua, na wakachagua wenzao wa kulinda makubaliano hayo na kuamua ugomvi kabla haujawaka.

Kutoka sokoni waliwaendea wazee wa koo, na mwaka 1993 wazee hao wakatoa mapatano yaliyojulikana kama Azimio la Al Fatah. Kisha ikaundwa kamati ya amani iliyowaweka pamoja akina mama, wazee, vijana, viongozi wa dini na maafisa wa serikali. Kamati za namna hiyo zikaenea katika wilaya nyingine, na baadaye serikali yenyewe ikaziingiza katika sera yake. Akina mama hao hawakungoja sheria. Walibuni desturi, desturi ikazaa matunda, na sheria ikaifuata nyuma. Hivi ndivyo tunavyouelewa ubunifu wa kijamii: ni namna mpya ya watu kushirikiana katika jambo ambalo hapo awali liliwashinda au walikatazwa kulifanya.

Somo la mlolongo

Katika hesabu ya kura, taifa letu lilipata somo chungu mwaka 1988. Katika uteuzi wa wagombeaji wa KANU wa mwaka huo, wapiga kura walitakiwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombeaji au picha yake, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri kupigwa. Watu walisimama juani, wakaona kwa macho yao mlolongo mrefu na mlolongo mfupi, kisha katika sehemu nyingi wakasikia mwenye mlolongo mfupi akitangazwa mshindi. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipofichua udanganyifu huo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akatiwa jela.

Waliokuwepo wanakumbuka hasira ya siku hizo. Lakini tutafakari kilichokosekana. Ushahidi ulikuwepo, kwani maelfu walikuwa wameona. Kilichokosekana ni hesabu iliyoandikwa na kushikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Watu walipokwisha kutawanyika, mlolongo ukayeyuka, na namba pekee iliyobaki duniani ilikuwa ile ya afisa wa serikali. Macho elfu yalishindwa na kalamu moja.

Tangu hapo, historia ya uchaguzi wetu imekuwa historia ya wananchi kuzidisha kalamu. Katika uchaguzi wa 1997, Baraza la Kitaifa la Makanisa, Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia ziliungana kuwatawanya maelfu ya waangalizi nchini. Wengi wao walikuwa watu kama wewe msomaji: mwalimu wa shule ya Jumapili, katekista, mama wa kikundi cha akina mama, kijana wa kwaya. Kufikia uchaguzi wa 2002, kura zilikuwa zikihesabiwa katika kituo kile kile zilikopigwa, badala ya masanduku kusafirishwa usiku hadi ukumbi wa mbali. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini lilimwezesha mwanakijiji kuiona kura yake ikihesabiwa na majirani zake.

Kisha wakaja raia watatu, Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur, waliokwenda mahakamani wakidai kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na kwamba Nairobi haina ruhusa ya kuyabadili. Juni 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limetokea barani Afrika, kwa sababu safari ya hesabu kutoka vituoni hadi Nairobi haikufuata Katiba na sheria. Na katika uchaguzi wa Agosti 2022, tume ilizianika hadharani kwenye mtandao fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000, hata mwanafunzi mwenye simu akaweza kujumlisha kura za urais mwenyewe.

Mabishano hayakuisha mwaka huo. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, na kesi ikafika tena Mahakama ya Juu. Lakini pima tofauti. Mwaka 1988 mwananchi alikuwa na hasira tu. Mwaka 2022 alikuwa na karatasi, na mahakama ilizikagua karatasi zile zile alizokuwa nazo mwananchi. Umbali kati ya miaka hiyo miwili haukuvukwa na ukarimu wa wakubwa. Ulivukwa na waangalizi waliokesha vituoni, na waliokwenda mahakamani bila kuchoka.

Kutoka kura hadi saruji

Hata hivyo, kura hupigwa mara moja katika miaka 5, na fedha huliwa kila siku. Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wakae kidogo, kwa kuwa ndipo ubunifu unapohitajika zaidi.

Kule Rajasthan, India, vibarua wa vijijini waliojiunga mwaka 1990 katika chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, walikuwa wakilipwa pungufu katika kazi za umma. Walipolalamika, waliambiwa kwamba daftari linaonyesha walifanya kazi kidogo. Wakasema: basi tuonyesheni daftari. Wakanyimwa. Wakabuni njia. Walitafuta nakala za madaftari hayo, wakakusanya kijiji kizima chini ya kivuli, na Desemba 1994 wakaanza kusoma hadharani jina baada ya jina. Katika mikutano kama hiyo, aliyesomwa kuwa amelipwa alisimama na kusema hakulipwa. Jengo lililosomwa kuwa limekamilika, watu walicheka, kwa sababu walikuwa wakilipita kila siku bila paa. Baraza hilo la kusikiliza hesabu lilienea hata likawa mojawapo ya nguvu zilizozaa sheria ya taifa ya haki ya kupata habari nchini India mwaka 2005.

Mbegu hiyo ilivuka bahari ikafika Mombasa. Shirika la Muslims for Human Rights, ambalo wengi tunalijua kwa jina la MUHURI, na ambalo Khelef Khalifa tuliyemtaja ni miongoni mwa viongozi wake, lilijifunza kwa wanaharakati hao wa India. Mwaka 2007 lilianza ukaguzi wa umma wa fedha za maendeleo ya maeneobunge huko Changamwe. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na miradi yake ilikuwa imetapakaa kila mahali, ila hesabu zake hazikuonekana na watu.

Tueleze jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana yeyote aweza kuiiga. Kwanza hutafutwa karatasi: orodha ya miradi, mkataba wa mwanakandarasi, orodha ya vifaa na gharama zake, na hati za malipo. Pili, wakazi wenyewe hufundishwa kuzisoma. Tatu, huenda mahali pa mradi wakiwa na karatasi mkononi na futi ya kupimia. Ikiwa karatasi yasema madirisha 12, huhesabu madirisha. Ikiwa yasema mabati ya unene fulani, fundi wa mtaa hulipima bati. Ikiwa yasema kisima, huuliza akina mama walichota maji lini mara ya mwisho. Nne, matokeo hupelekwa mtaani kwa lugha ya watu, kwa michezo ya kuigiza na nyimbo. Tano, huitishwa mkutano wa hadhara, na mbunge au maafisa wa kamati huketi mbele ya wananchi kujibu. Sita, ambayo husahaulika, hufuatwa ahadi zilizotolewa mkutanoni mpaka zitimizwe.

Tazama kilichobadilika. Fundi, mchuuzi wa samaki na mama mkulima hawakupewa cheo chochote. Walipewa karatasi. Mtu aliyekuwa akiitwa baraza kupiga makofi sasa anauliza kwa nini karatasi inasema rangi mara mbili na ukuta una rangi mara moja. Swali lake haliwezi kuitwa uchochezi, kwa kuwa ukuta umesimama pale pale na kila mtu anautazama.

Makueni: sahihi ya mwanakijiji

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mashirika na hayawezi kuwa utaratibu wa serikali. Tuwakumbushe Makueni. Profesa Kivutha Kibwana, aliyekuwa msemaji wa Baraza Kuu la Mkutano wa Kitaifa, NCEC, katika harakati za 1997, alichaguliwa gavana wa kaunti hiyo mwaka 2013 na akakaa hadi 2022. Wakati wake, mipango ya maendeleo ilijadiliwa kuanzia kijijini, ikapanda hadi kundi la vijiji, kisha wadi, mpaka kaunti, na katika kila ngazi watu waliwachagua watakaobeba sauti yao kwenda ngazi ya juu.

Lakini tunachotaka kukitia mkazo ni jambo dogo zaidi. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wakazi waliochaguliwa na majirani zao, na mwanakandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Sahihi ya mwanakijiji ikasimama kati ya mwanakandarasi na hundi yake. Hakuna hotuba dhidi ya ufisadi inayoweza kulingana na sahihi hiyo.

Hatusemi kwamba Makueni ikawa paradiso. Mwaka 2014 gavana na wawakilishi wadi waligombana vikali hata risasi zikafyatuliliwa ndani ya makao ya kaunti, na wananchi wakatia sahihi ombi la kuivunja serikali yao wenyewe. Tume iliyoundwa ilipendekeza ivunjwe, na rais wa wakati huo akakataa. Ubunifu mwema hauondoi tamaa ya wanadamu. Unaipunguzia nafasi tu.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba mtambo utatufanyia kazi. Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiungua, Wakenya vijana walibuni Ushahidi, njia ya kukusanya taarifa za ghasia kwa simu na mtandao na kuziweka katika ramani, na ubunifu huo umetumika katika nchi nyingi tangu hapo. Tunajivunia. Lakini ramani humwonyesha mtu mahali moto unapowaka; kuuzima ni kazi ya majirani. Katika uchaguzi wa 2013, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi, na watu wakarudia daftari la karatasi. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliagiza mitambo ya tume ifunguliwe ikaguliwe, na amri hiyo haikutimizwa ipasavyo. Simu ni chombo kizuri mkononi mwa watu waliokwisha kujipanga. Kwa watu wasiojipanga, simu ni kelele.

Hatari ya pili ni ubunifu kutekwa na wakubwa. Katiba inasema wananchi washirikishwe, nao wamejifunza kutushirikisha kwa jina tu. Tangazo hutolewa siku mbili kabla. Kitabu cha bajeti, cha mamia ya kurasa na kwa Kiingereza kigumu, huletwa asubuhi ya mkutano. Watu hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, hupewa soda na nauli, na jioni sahihi zile zile huwa ushahidi kwamba umma umekubali. Sisi wenyewe tumewahi kuketi katika mkutano wa namna hiyo katika kaunti moja, tukaomba nakala ya bajeti tuliyoitiwa kuijadili, tukajibiwa kwamba nakala iliyopo ni ya afisa. Jihadharini na sahihi inayotangulia maelezo.

Hatari ya tatu ni hofu, na hii hatutaidharau. Juni 2024, vijana waliozaliwa katika enzi za vyama vingi walifanya jambo ambalo sisi wazee wa harakati hatukulifanya. Waliuchukua mswada wa fedha, wakaufasiri kwa lugha za mama na hata kwa lugha ya ishara, wakaufafanua kifungu kwa kifungu, wakachangiana kwa M-Pesa kuwatibu majeruhi na kuwazika wafu. Tarehe 26 Juni rais alitangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi. Lakini makumi ya vijana walikuwa wameuawa katika maandamano, na katika miezi iliyofuata wengine walitekwa nyara mchana kweupe. Damu hiyo inatudai.

Na ndiyo sababu nyingine ya kutaka hesabu iwe mikononi mwa wengi. Mwenye karatasi peke yake yumo hatarini, kwani akinyamazishwa yeye, karatasi nayo imenyamaza. Karatasi hiyo hiyo ikiwa katika nyumba 60 za kijiji, na imesomwa mbele ya umati, hakuna faida ya kumteka mtu mmoja. Tusiwaache vijana wetu washike daftari peke yao barabarani huku sisi tukiwaombea tumeketi.

Kwa nini kanisa

Wengine watauliza: hili lina uhusiano gani na kanisa? Tulisikia swali hilo hilo miaka ya chama kimoja, viongozi wetu wa dini walipoambiwa warudi madhabahuni. Mchungaji Timothy Njoya hakurudi nyuma baada ya mahubiri yake ya Mwaka Mpya wa 1990. Na mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi katika bustani ya Uhuru, waliipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima. Kanisa halikuwapa siasa. Liliwapa nafasi na mlango uliofunguliwa.

Nafasi hiyo tunayo hata leo. Hakuna chama cha siasa chenye watu wanaokutana kila juma katika kila kijiji, wanaojuana kwa majina na wanaoaminiana kwa vitabu vya sadaka. Sisi tunao: jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya akina mama, wazee wa kanisa. Ndugu zetu Waislamu nao wana misikiti na madrasa, na Wajir na Mombasa zimetufundisha mengi. Kuhesabu mabati hakumpendelei mgombeaji yeyote. Kunampendelea mtoto anayenyeshewa darasani.

Lakini hatuwezi kuwadai wengine hesabu ikiwa zetu tumezifunika. Kwa miaka mingi wanasiasa wamepanda mimbari zetu na mabunda ya noti, nasi tumeshangilia bila kuuliza zimetoka wapi. Novemba 2024, Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi lilizirudisha fedha ambazo rais alikuwa ametoa katika parokia moja ya Soweto. Tuliposikia habari hiyo tulifurahi, tukaona haya pia, kwa kuwa tulikumbuka ni mara ngapi tumezipokea. Ukaguzi wa umma uanzie katika paa la kanisa letu wenyewe: tulichanga kiasi gani, tulinunua nini, kiko wapi.

Tunachoomba kifanyike

Hatutaki makala haya yasomwe na kufungiwa maandazi. Tunaomba kila usharika, parokia na kikundi kifanye mambo manne, nayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza, chagueni watu 5, wakiwemo akina mama na vijana, wasiogombea cheo chochote, wawe walinzi wa hesabu kwa mwaka mmoja, kisha wabadilishwe. Kazi ikikaa kwa mtu yule yule muda mrefu, naye hugeuka kuwa droo.

La pili, chagueni mradi mmoja tu ulio karibu nanyi, zahanati au kisima au darasa, na mwandike barua kuomba karatasi zake. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo na afisa akamwandikia. Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ombi lenyewe halitozwi ada. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.

La tatu, jueni kalenda ya fedha kama mnavyojua kalenda ya Kwaresima. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayefika Juni kulia juu ya kisima amechelewa. Mwenye kisima chake alizungumza Agosti.

La nne, usiku wa uchaguzi msilale kabla ya kuona fomu ya matokeo ikibandikwa mlangoni pa kituo. Watu watatu waipige picha, wawili wainakili kwa mkono, na kesho yake isomwe mbele ya watu wote, aliyeshinda na aliyeshindwa wakiwepo.

Wenye kusoma Maandiko wanamkumbuka Nehemia alipourudia mji uliobomolewa. Ukuta ule haukujengwa na jeshi wala na mkandarasi mmoja. Makuhani, wafua dhahabu, wafanya biashara na hata binti za mkuu mmoja walishika kila mmoja sehemu yake, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Majina yao yaliandikwa pamoja na sehemu waliyoijenga. Hiyo nayo ilikuwa hesabu, ikasomwa na wote.

Ndugu msomaji, mbele ya nyumba yako pana mradi uliolipiwa kwa kodi yako. Anza hapo. Barua iandikwe wiki hii, na siku 21 zihesabiwe.